"Shambles" si fujo

Katika mazoezi ya tafsiri, wengi wetu tukikutana na neno la Kiingereza "shambles" tunaandika "fujo". Mimi napinga. Fujo ina mwenyewe: fulani ameifanya, basi polisi waitwe. "Shambles" haimshtaki mtu. Zamani ilikuwa meza ya kuuzia nyama, kisha soko la nyama, kisha machinjio. Maana ya vurugu ya vitu imezoeleka katika karne ya 20.

Tuseme ripoti ya Kiingereza inalieleza hivyo soko la hapa Ruashi wakati wa mvua. Ukiandika "sokoni kuna fujo", umewageuza mama wauza mboga kuwa wakosaji. Ukiandika "soko liko shaghalabaghala", unataja matope na takataka, na dawa yake ni mifereji na ufagio. Mtaniambia shaghalabaghala ni neno la pwani. Sawa, andikeni "vitu vimetapakaa ovyo". Na kama mboga zimeoza na mtaji umekwisha, hayo ni matata, neno ambalo kila mtu Lubumbashi analijua.

Walimu wetu, tunaomba mkate alama kwa kila fujo isiyo na mfanyaji.