Kona ya Maneno: Trekta Limevuta Hewa

Toleo hili tunaingia gereji.

Wengi wetu Kiswahili tumekipata jikoni na barazani kwa wazazi, wengine Karantina kule Jeddah, wengine Muscat au Toronto. Mbuzi ya nazi tunaijua, kawa tunalijua. Lakini mjomba akipiga simu kutoka Kongwa na kusema, "Trekta limevuta hewa, fundi anataka pampu mpya," tunauliza bei tu. Pampu hiyo ni ghali, na mvua za Dodoma zikianza mwezi wa Desemba hazimngoji mtu. Mwenye maneno ya gereji anaweza kuuliza zaidi ya bei.

Tuchukue Massey Ferguson 135, trekta la miaka ya 1960 na 1970 ambalo bado linalima Afrika Mashariki. Lile la dizeli lina injini ya Perkins ya silinda tatu. Mafuta hutoka tangini, hupita kwenye koki, pampu ndogo, filta na pampu ya nozeli, kisha huingia kwenye nozeli. Fundi mzuri huifuata njia hiyo tangu mwanzo, akianza na kisicho na gharama.

Injini ikiwaka kisha ikazima baada ya dakika chache, legeza kifuniko cha tangi. Ikiendelea vizuri, basi tundu la kupumulia limeziba. Kama sivyo, angalia koki na filta. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo hukaa chini.

"Kuvuta hewa" maana yake nini? Hewa hubanika kwa urahisi kuliko dizeli. Ikiingia kwenye paipu, pampu hubana hewa badala ya kusukuma mafuta, na nozeli hazifunguki. Dawa yake ni kutoa hewa. Legeza skrubu ya juu ya filta, sukuma mkono wa pampu ndogo mpaka mapovu yaishe, kaza. Rudia kwenye skrubu za pampu ya nozeli. Mwisho legeza nati za paipu kwenye nozeli, piga stata, mafuta yakitoka kaza. Kazi hii inataka spana na subira tu. Ila usiweke mkono mbele ya nozeli inayorusha mafuta, kwani nguvu yake hutoboa ngozi.

Tuje kwenye klachi. Injini ikinguruma na trekta lisiende, tena pakanuka kuungua, klachi inateleza. Gia zikikwaruza wakati wa kuingiza, klachi haiachii. Kwanza pima pedali: je, ina nafasi ya kucheza kidogo kabla ya kukaza? Swali hili ni muhimu kwa sababu kubadili sahani ya klachi ni "kukata trekta katikati". Trekta hili halina chesisi; injini na giaboksi ndizo mifupa yake. Tazama na oili pia. Giaboksi, difu na haidroliki hutumia oili moja, na ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia.

Kongwa yenyewe inalijua somo hili. Mwaka 1947 Waingereza walianza hapo mradi mkubwa wa karanga kwa matrekta, mengi yakiwa yamekwisha kutumika. Yaliharibika kwa wingi, vipuri na mafundi wakawa haba, na mwaka 1951 mradi ukafutwa.

Basi simu ikilia: "Shikamoo mjomba. Kifuniko cha tangi mmekilegeza? Filta mmeisafisha? Hewa mmeitoa?" Ukijibiwa ndiyo mara tatu na trekta bado limelala, hapo zungumzeni habari ya pampu.

Mwenye neno la gereji la kwao alilete kikaoni.