Ziba Ufa Kabla ya Kuruka

Wewe unayejijengea ndege, injini ikizidi joto usikimbilie kupanua matundu ya hewa. Anza na nyufa za kuta zinazoelekeza hewa kwenye injini. Katika ndege ya RV-6 yenye injini ya Lycoming O-320, hewa huingia mbele, hujikusanya juu ya silinda, kisha hushuka ikipita kati ya mapezi yake. Ikipata upenyo hutoroka bila kupoza chochote, na vichwa vya silinda husogelea kikomo cha nyuzi 260 za Selsiasi. Mimi huweka taa chini ya injini gizani. Kila panapopenya mwanga napaziba kwa silikoni inayohimili joto. Mpira wa ukingoni mwa kuta hizo naulaza kwa ndani, shinikizo liukandamize kwenye kifuniko cha injini. Ndege isiyofanyiwa jaribio hili isiruke.