Kabla hujapiga picha majibu ya mgonjwa

Wiki hii nianze na kosa langu mwenyewe. Mimi ninayeandika habari za afya, niliyefaulu chuoni somo la maadili ya mawasiliano, nilipiga picha karatasi ya vipimo ya shangazi yangu nikaiweka kwenye kundi la WhatsApp la ukoo.

Nia ilikuwa njema. Shangazi alikuwa amelazwa na fedha zilihitajika. Unazijua familia zetu: ukiomba mchango bila ushahidi, watu wanakaa kimya. Nikatuma picha. Hadi jioni michango ilikuwa imeshaanza kuingia.

Karatasi ile ilionesha kuwa ana homa ya ini aina ya B. Na shangazi ni mama lishe.

Aliporudi kwenye banda lake, wateja wake wa miaka yote walikuwa wakipita mbali. Mmoja alikuja na kikombe chake kutoka nyumbani, akaomba amiminiwe chai humo. Picha ilitoka kwa binamu, ikaenda kwa rafiki wa binamu, ikafika kwa fundi pikipiki anayekula pale pale kila mchana.

Homa ya ini B haiambukizwi kwa kula chakula alichopika mgonjwa, wala kwa kutumia naye sahani au kikombe. Virusi vyake hupita kwenye damu na majimaji mengine ya mwili: kwa ngono isiyo salama, kwa sindano au wembe uliotumika, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kujifungua. Chanjo ipo. Lakini hayo yote hayakuwamo kwenye picha niliyotuma. Kulikuwa na jina lake, umri wake na neno "Positive".

Wengi huniambia WhatsApp ni salama, kwamba tangu 2016 ujumbe hufungwa kwa fumbo na mtu wa katikati hawezi kuusoma. Sawa, lakini fumbo hilo halimzuii binamu. Kundi moja linaweza kubeba watu 1,024. Nilipoifuta ile picha, ilikuwa imeshalala kwenye simu nisizozijua.

Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na taarifa za afya imeziweka kwenye kundi la taarifa nyeti. Tunaikumbuka tukiwa na ugomvi na kampuni za simu. Nyumbani hatuikumbuki kabisa. Nesi angefanya nilichofanya mimi, ningemwandika gazetini.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba shangazi alikuwa macho siku ile, anaongea, anakunywa uji. Sikumuuliza. "Mwanangu," aliniambia baadaye, "ungeniuliza ningekwambia waambie naumwa tumbo." Na wenye shaka ningeweza kuwapa namba ya malipo ya hospitali walipie huko moja kwa moja, bila kuona jibu la mtu.

Wateja wamerudi, si wote. Fundi pikipiki karudi, tena anakopa.

Juzi nilimsindikiza kliniki. Alipotoka kwa daktari akakaa kwenye benchi, karatasi mpya ameikunja mkononi, akanitazama.

"Simu yako iko wapi?"

Nikampa. Akaiweka kwenye mkoba wake, akafunga zipu, ndipo akaikunjua karatasi.