Cherehani Haitoshi: Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi Vifundishe Nini?

Orodha ya kozi za chuo ni waraka wa kisiasa, hata kama haukuandikwa na mwanasiasa. Hueleza jamii inamhesabu mwananchi wake kuwa nani, na inatarajia ajue nini kabla ya kumwachia maisha yake. Soma matangazo ya Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi katika wilaya nyingi za Tanzania utakuta ushonaji, umeme wa majumbani, uashi, useremala, uchomeleaji, ufundi magari, upishi, kilimo na mifugo. Ni orodha ya heshima, na nyumba nyingi tunazolala zimejengwa na mikono iliyofunzwa humo. Hata hivyo ina pengo kubwa, na pengo hilo linawagharimu wahitimu wenyewe.

Tuanze na asili. Vyuo hivi vilianzishwa mwaka 1975, Mwalimu Nyerere alipoazima wazo la vyuo vya wananchi kutoka nchi za Skandinavia, na Sweden ikasaidia kuvigharamia. Wazo lenyewe lilikuwa limezaliwa Denmark, ambako mwanafalsafa na mchungaji N.F.S. Grundtvig alidai kwamba mkulima anahitaji shule ya kumwamsha afikiri na ashiriki katika mambo ya nchi yake, pasipo kutishwa na mitihani. Chuo cha kwanza cha namna hiyo kilifunguliwa Rødding mwaka 1844. Kwa Tanzania, iliyokuwa imetangaza Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 na kuufanya mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, mbegu hiyo ilipata udongo wake.

Katika miaka ya mwanzo, mwanachuo alitoka kijijini kwa niaba ya kijiji, na alitarajiwa kurudi huko. Alijifunza ufundi na kilimo, lakini pia uongozi, uendeshaji wa ushirika, utunzaji wa hesabu, malezi na elimu ya siasa. Jembe na daftari la mahesabu vilikaa darasa moja.

Mambo yakabadilika. Uchumi uliyumba katika miaka ya 1980, bajeti zikapungua, na kijana aliyekosa nafasi ya sekondari akaanza kudai jambo moja la msingi: cheti kitakachompatia kipato. Vyuo vikaegemea mitaala na mitihani ya ufundi stadi iliyokuwa ikisimamiwa na VETA, na baadaye vikahamishiwa katika wizara inayoshughulikia elimu. Sidharau mabadiliko hayo. Cheti kinachotambulika kitaifa ni haki ya mtoto wa maskini kama kilivyo haki ya mtoto wa waziri. Aidha, mpango wa Elimu Haina Mwisho umewafungulia milango wasichana waliokatizwa masomo, wengi wao kwa sababu ya ujauzito, kwa kuunganisha masomo ya sekondari na ufundi, na baadhi yao wakisoma huku watoto wao wakilelewa chuoni. Ulianza kabla ya Serikali kuondoa, Novemba 2021, zuio la wasichana waliojifungua kurejea katika shule za kawaida. Nchi ilipofunga mlango mmoja, vyuo hivi viliacha dirisha wazi.

Hoja yangu inahusu kile kinachotokea baada ya mahafali. Tumfikirie binti aliyehitimu ushonaji. Ana cherehani na ana mikono. Je, anajua kwamba halmashauri yake inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu? Anajua namna ya kuandika katiba ya kikundi, kukisajili, na kuhoji endapo ombi lake limewekwa kapuni? Au ataamini kwamba mikopo hiyo ni zawadi ya diwani kwa wanaomfahamu?

Tumtazame pia seremala. Serikali ni mnunuzi mkubwa wa madawati, milango na makabati, na sheria ya ununuzi wa umma inayatengea makundi maalumu asilimia 30 ya ununuzi huo. Lakini zabuni zinapitia mfumo wa kielektroniki wa NeST. Fundi anayeweza kutengeneza dawati imara kuliko yeyote wilayani, lakini asiyejua kujisajili katika mfumo huo, ataishia kuwa kibarua wa yule anayejua. Vivyo hivyo mwashi: wakati wa ujenzi wa madarasa 15,000 kwa fedha za mpango wa kukabiliana na UVIKO-19, mafundi wa kawaida walipewa kazi nyingi vijijini. Aliyejua kusoma mkataba na makadirio ya vifaa alikuwa na nguvu ya kudai malipo yake.

Na yupo aliyesomea kilimo. Elimu ya mbegu na mbolea haimlindi asipojua kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa haki ya kuomba hati ya hakimiliki ya kimila, kwamba baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba na angalau watatu lazima wawe wanawake, na kwamba mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Shamba hupotea kikaoni kabla halijapotea kwa ukame.

Yapo mapingamizi mawili yanayostahili kujibiwa. La kwanza husema kwamba kijana mwenye njaa anahitaji kazi, hayo ya uraia yatasubiri. Mifano niliyotoa inaonyesha kwamba mambo hayo hayatenganiki: maarifa ya uraia ndiyo yanayoamua ujuzi wake utalipwa kiasi gani. La pili ni zito zaidi. Wapo wanaokumbuka kwamba elimu ya siasa ya zama za chama kimoja iligeuka mara nyingi kuwa kukariri mwongozo wa chama. Hofu hiyo ni ya haki. Tiba yake ni kufundisha sheria, bajeti na taratibu kama zilivyoandikwa, na kumwachia mwanachuo uamuzi wa nani ampigie kura.

Wakati wa kulijadili jambo hili ni sasa. Toleo la 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo limeleta mkondo wa amali katika shule za sekondari, na serikali inaendelea kujenga vyuo vya VETA wilayani. Iwapo sekondari itafundisha umeme, na VETA itafundisha umeme, Chuo cha Maendeleo ya Wananchi kitakuwa na sababu gani ya kubaki na jina lake?

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila kozi ndefu iwe na nusu siku kwa wiki ya somo la mwananchi na serikali yake, linalofungamanishwa na fani husika. Pili, wafundishaji wawe ni pamoja na maafisa maendeleo ya jamii, maafisa ununuzi na maafisa ardhi wa halmashauri, ambao tayari wanalipwa na umma. Tatu, upimaji uwe wa vitendo: mwanachuo ahudhurie mkutano mkuu wa kijiji au wa mtaa, asome taarifa ya mapato na matumizi, na aandike maswali mawili aliyouliza na majibu aliyopewa.

Watumishi wa umma wanaosoma hapa watasema wananchi wa namna hiyo ni wasumbufu. Ndiyo, watasumbua. Mtendaji aliyezoea kusoma taarifa ya fedha kwa kasi mbele ya watu walionyamaza atalazimika kusoma polepole. Hilo ndilo neno "maendeleo" lilimaanisha pale lilipoandikwa kwenye mabango ya vyuo hivi, likafuatwa na neno "wananchi". Kwa wanafunzi na wanaharakati: chuo cha wilaya yako kina bodi. Tafuteni wajumbe wake, na muulize mtaala unasema nini.