Kamera ya Filamu kwa Familia ya Ziwani

Kisiwa cha Nkombo, wilayani Rusizi nchini Rwanda, kimezungukwa na maji ya Ziwa Kivu. Wavuvi wa sambaza hurejea alfajiri, mwanga ungali hafifu, na betri ya kamera haipatikani kila duka. Familia itakayo kuhifadhi sura za wazee na watoto kwa kamera ya zamani yapaswa kuchagua kwa akili, si kwa mng'ao wa chombo.

Kamera zinazohusika hapa ni zile zenye kioo ndani, ambazo mpiga picha huona kupitia lenzi ileile ipigayo picha. Swali la kwanza kwa muuzaji ni hili: betri ikifa, je, kamera itapiga?

Pentax K1000, iliyotengenezwa tangu 1976 hadi 1997, itapiga. Betri yake huendesha kipima mwanga tu. Pazia hufunguka kwa springi, kuanzia sekunde 1 hadi 1/1000 ya sekunde. Kwa kuwa haina swichi ya kuzima kipimo, kifuniko cha lenzi sharti kirudishwe kila baada ya kazi, la sivyo betri itakwisha kabatini. Nikon FM ya 1977 ina kasi hizohizo, nayo hupiga bila betri.

Canon AE-1 ya 1976 humrahisishia anayeanza: yeye huchagua kasi, nayo hupanga upana wa tundu la mwanga. Lakini betri yake ya volti 6 ikiisha, kamera hunyamaza kabisa. Zenit-E ya Kisovieti haihitaji betri, kwani kipimo chake huendeshwa na mwanga wenyewe. Ila kipimo hicho huchoka kwa umri, na kasi zake huanzia 1/30 na kuishia 1/500. Alfajiri ya ziwani huitaabisha.

Kabla ya kulipa, mnunuzi na afungue mgongo wa kamera, apige kwa kasi mbalimbali, atazame kama pazia hukwama. Kisha aielekeze lenzi kwenye mwanga: nyuzi mfano wa utando wa buibui ni kuvu, adui mkubwa wa vioo penye unyevu. Nyumbani, kamera isifungiwe katika mfuko wa ngozi. Ikae mahali pakavu penye hewa, pamoja na vile vifuko vya kukaushia unyevu vipatikanavyo katika maboksi ya viatu.

Juhudi hizi si anasa. Huko Gisozi, Kigali, katika ukumbusho wa Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994, zimetundikwa picha zilizotolewa na familia za waliouawa. Picha ya kawaida ya nyumbani yaweza kuwa ndiyo sura pekee iliyobaki. Kwa hiyo, kila picha isafishwapo, iandikwe nyuma jina, mahali na mwaka. Picha isiyo na jina ni mgeni kwa wajukuu.