Kumbukumbu Binafsi za Afya: Suala la Lugha Kabla ya Mitambo

Imezoeleka kulijadili suala la kumbukumbu binafsi za afya kana kwamba ni suala la kompyuta peke yake. Historia fupi ya mifumo hiyo haiafiki mtazamo huo. Google Health ilianzishwa mwaka 2008 ikafungwa mwanzoni mwa 2012. HealthVault ya Microsoft, iliyoanza 2007, ilisitishwa 2019. Waanzilishi wake hawakukosa fedha wala mitambo. Google yenyewe ilikiri kwamba matumizi hayakuenea ilivyotarajiwa.

Linganisha na kadi ya kliniki ya mtoto nchini Tanzania. Ni karatasi tu, lakini hukaa kwa mama, imeandikwa kwa Kiswahili, na mstari wa uzito ukitoka kwenye rangi ya kijani mama hujua kuna jambo. Mchoro wa aina hiyo ulitokana na kazi ya daktari David Morley huko Imesi-Ile, Nigeria, naye alikusudia utunzwe na mama mwenyewe. Mtoto akikua, kadi huachwa. Mtu mzima hubaki na daftari lililojaa Kiingereza na vifupisho vya Kilatini kama b.d. na t.d.s.; yaani, amekuwa mchukuzi wa barua asiyoweza kuisoma. Kuihamishia barua hiyo kwenye simu hakumfanyi awe msomaji.

Wapo watakaosema kwamba tafsiri itatosha. Tuchukue agizo kwamba dawa imezwe mara tatu kwa siku kwa vipindi vilivyo sawa. Likitafsiriwa “kila saa nane”, lina maana mbili: kila unapopita muda wa saa nane, au kila siku ifikapo saa nane. Atakayelielewa kwa maana ya pili atameza dozi moja badala ya tatu. Aidha, kioo cha simu kikionyesha 8:00 asubuhi, Mswahili husoma saa mbili. Programu ikimwandikia “saa 8”, imempeleka mchana. Kwa anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, zinazotakiwa kumezwa kwa wakati uleule kila siku, huu si mchezo wa maneno. Ajabu ni kwamba watoa dawa walikwisha kupata njia yao: “1x3” juu ya kibahasha, ambayo wengi husoma “kimoja mara tatu” bila kufundishwa na kamati yoyote.

Kwa maoni yangu, kosa ni kumwita mtaalamu wa Kiswahili mwishoni, programu ikiwa imekwisha kuundwa, ili atie maneno. Kamusi ya Tiba ya TUKI (2003) ni msingi mzuri, ila kamusi hutaja magonjwa na viungo. Haielezi namna ya kumwagiza mgonjwa. Wala tusione haya kuandika “presha” pale ambapo “shinikizo la damu” litamfanya mgonjwa adhani ameambiwa ugonjwa mwingine. Wanafunzi wa shahada za juu wanaotafuta mada wangeweza kuanzia hapo: kuwaketisha wagonjwa mbele ya kioo, wasome agizo kwa sauti, kisha waonyeshe kwa vidonge vyenyewe wangevimeza lini.