Deni ya kaka isiandikwe ku jina la dada



Kuko swali vijana wanatuuliza mara mingi: "Niko na biashara yangu, hakuna mutu ananidai, sababu gani wananikatalia kredi?" Ukichimba kidogo, jibu unalikuta ku nyumba. Kaka alikopa, akashindwa kulipa. Baba mdogo alimwekea rafiki aval, rafiki akapotea. Bwana alikimbia, akaachia bibi watoto na karatasi za deni. Ajan wa kredi anafika ku parseli, anauliza majirani, anarudi ku biro na neno moja: "Ile nyumba ni ya madeni." Basi, mlango umefungwa. Dada ambaye hajawahi kukopa hata franga moja analipa kosa ambalo si lake.

Msimamo wetu ni huu: deni ni ya mutu aliyeitia saini. Si ya parseli, si ya jina la familia, si ya tumbo moja.

Tuanze na daftari lenyewe. Benki Kuu ya Congo iko na kile kinaitwa sentrali ya risiki. Benki na mikrofinansi zinapeleka kule habari za wale waliokopa, ili mkopeshaji ajue mutu anadaiwa wapi mbele ya kumpa pesa. Kazi hiyo si mbaya. Inamzuia mutu kukopa pahali tano kwa siku moja, halafu kuzama. Lakini ni daftari la wakopaji, si daftari la ukoo. Kulala chini ya bati moja na mdaiwa hakukufanyi wewe mdaiwa.

Lakini tusidanganyane. Iko milango ambayo deni ya mwenzako inaingilia kweli ku jina lako, na mara mingi ni sisi wenyewe tunaifungua.

Mlango wa kwanza ni kukopa pamoja. Mkitia saini wawili, mnadaiwa wawili, hata kama pesa yote ilienda ku mfuko wa mmoja. Wa pili ni aval: mwenye deni akishindwa, wanakuja kwako. Wa tatu ni kikundi. Mama zetu wa soko wanakopa kwa dhamana ya wote: mmoja akianguka, wengine wanalipa, ama kikundi kizima kinakosa mkopo unaofuata. Kama ndani ya kikundi muko mama, binti na wifi, nyumba moja inaanguka mara tatu kwa siku moja. Wa nne ni laini ya simu. Ukimwachia mdogo wako namba iliyo ku jina lako, akakopa nayo, simu haijui kama ni yeye. Inakujua wewe.

Wa tano ni ndoa. Sheria ya familia inawapa wanaooana nafasi ya kuchagua namna ya kuweka mali. Msipochagua, mali mliyoipata ndani ya ndoa inahesabiwa kuwa yenu wote wawili. Kwa hiyo usiseme haraka "ile ni deni ya bwana, mimi hainihusu." Uliza mwanasheria kwanza. Na ninyi mabwana, mjue kwamba tangu marekebisho ya 2016 bibi hahitaji tena ruhusa yenu ili afanye mambo yake ya sheria. Kama anaweza kukopa peke yake, basi apimwe peke yake, kwa kazi yake na kwa namna anavyolipa.

Nje ya milango hiyo, anayekubebesha deni ya ndugu yako anakuonea. Na sheria iko. Inchi yetu iliingia OHADA katika 2012. Kwa sheria zake, aval haikisiwi. Lazima iwe ku karatasi yenye saini ya anayedhamini na ya anayedai, na anayedhamini aandike kwa mkono wake kiasi cha mwisho anachokubali, kwa tarakimu na kwa maneno. Asiyejua kuandika asimamiwe na mashahidi wawili, na aelezwe anachoingia. "Shangazi alisema ndiyo ku telefone" si aval. "Jina lako liko ku fishi kama mutu wa kuita" pia si aval.

Na kuko ubaya mwingine. Mdaiwa akikosekana, wanamchukua bibi yake ao mdogo wake, wanamweka ndani mpaka mwenyewe ajitokeze. Katiba, artikeli ya 17, inasema wajibu wa jinai ni wa kila mutu peke yake. Hakuna wa kukamatwa kwa tendo la mwingine. Tena mapatano ya kimataifa juu ya haki za raia na za kisiasa, ambayo inchi yetu iliyakubali tangu 1976, yanakataza kumfunga mutu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba. Kama mdaiwa mwenyewe hafai kufungwa kwa umaskini wake, dada yake je?

Haya mambo leo ni mazito kuliko zamani. Goma ilipoanguka mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, benki zilifunga milango. Mutu alikuwa na akiba yake mule ndani na deni yake mule ndani, akashindwa kuitoa moja ili alipe ingine. Wengine depo ziliporwa, wengine walipoteza wateja na kazi. Mutu kama huyo si mwizi. Kumwandika mbaya bila kuangalia vita ni kumwonea mara ya kwanza. Kumfungia mlango mtoto wake ni mara ya pili. Na kijana aliyefungiwa mlango haachi kuwa na njaa: anaenda kwa Banque Lambert wa mtaa, anachukua dola 100, mwisho wa mwezi wanamngojea na 130 ao 140. Ni vile deni ya mmoja inazaa deni ya nyumba nzima.

Kwa hiyo tunadai:

1. Benki na mikrofinansi zipime mutu kwa kazi yake na kwa malipo yake mwenyewe, si kwa jina la familia ao adresi.

2. Anayekataliwa kredi apewe sababu ku karatasi, na aoneshwe kilichoandikwa juu yake ili aweze kukisahihisha.

3. Benki Kuu itoe agizo la wazi juu ya wakopaji wa maeneo ya vita: adhabu za kuchelewa zisimamishwe kwa wakati ambao biro zilikuwa zimefungwa.

4. Polisi na parke waache kazi ya kukusanya madeni, na waache kukamata ndugu pahali pa mdaiwa.

Na sisi wenyewe tujirekebishe. Ku nyumba zetu wanasema: "Ukikataa kumwekea kaka aval, wewe si wa damu." Hapana. Kukataa kutia saini usichoweza kulipa si kukosa upendo. Mpe kaka kile uko nacho leo, hata kama ni kidogo, kuliko kumpa jina lako la miaka kumi. Na wewe unayedaiwa, usifiche. Waambie watu wa nyumba mbele ajan hajafika. Nenda ku biro uombe mpango mpya wa kulipa. Chunga kila risiti, na ukimaliza, dai karatasi ya kuonesha kwamba umemaliza.

Kama wamekukamata ao wamekukatalia kwa deni ya mwingine, usinyamaze kwa aibu. Tuandikie. Tutasoma karatasi pamoja, na tutasimama pamoja.

Deni iko na mwenyewe. Ibakie ku jina lake.